Mbuzi Wangu Chungu na Motakaa Iliyokataa Kupita

Enzi za Mjerumani, nilipokuwa mtoto ambaye meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota, kazi yangu ilikuwa kuchunga mbuzi kando ya njia ya kutoka Kondoa kwenda Dodoma. Mbuzi walikuwa wa bibi yangu, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa wangu mwenyewe, jike mweusi tii asiye na doa, nami nilimwita Chungu kwa sababu rangi yake ilifanana na kitako cha chungu cha kupikia.

Chini ya kilima chetu palikuwa na rundo la mawe. Kila msafiri aliokota jiwe, akaliongeza pale, akawaomba njia mizimu, wenyewe wa kilima, kisha akaendelea. Asiyeweka hafiki mbali, bibi alisema, nami niliamini hivyo kama nilivyoamini kwamba jua litatua. Hata karani mmoja wa boma nilimwona akiweka, huku akitazama nyuma kama anaonekana.

Asubuhi moja ikaja motakaa. Lilikuwa gari la kwanza machoni petu. Mbuzi walitawanyika, nami nikatawanyika nao. Dereva alikuwa peke yake, kijana wa pwani aliyeitwa Faraji. Alisimama karibu na rundo, akajaza tangi petroli kwa debe, akaondoka bila kuweka jiwe. Ilipofika kwenye mti wa mgunga uliopinda, mbele kidogo, motakaa ikakohoa na kuzima.

Faraji alishuka, akafungua kifuniko cha tangi, akachovya kijiti. Petroli tele. Akafunga, akazungusha mkono wa chuma pale mbele, ikawaka. Ikaenda umbali kama ule wa kwanza, ikazima tena. Watu walikuwa wameshakusanyika, na mjomba wangu Ndahani, aliyewahi kuwa mpagazi na kujua Kiswahili, akamwambia, "Rudi ukaweke jiwe, kijana."

"Mjomba, hii haili majani wala haiogopi mawe. Ni chuma."

"Chuma, naam. Mbona kimechoka kabla ya miguu yangu?"

Waliisukuma hadi kwenye rundo wakiimba. Faraji akachovya tena kijiti tangini, kisha akatupa jiwe moja, vile mtu anavyomtupia mbwa. Motakaa ikawaka, ikaondoka vizuri, ikafika kwenye mgunga uliopinda, ikazima. Wanawake walipiga vigelegele.

Iliporudishwa mara ya pili, kijiti kikachovywa tena, nayo ikazima pale pale, kicheko cha Faraji kiliisha. Alifungua hiki, akafuta kile, akahesabu vidoleni. "Cheche ipo. Maji yapo. Petroli ipo. Kila kitu kipo, isipokuwa safari." Kisha akatuambia kwa sauti ndogo kwamba bwana wake Mzungu anaingojea Dodoma kesho, na isipofika yeye atalazwa chini apigwe viboko. Hapo hakuna aliyecheka.

Motakaa ikasukumwa tena hadi kwenye rundo, na bibi akaja na mkongojo wake.

"Shikamoo, bibi," alisema Faraji.

"Marahaba," alijibu, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Mengine yote mjomba alitafsiri. Bibi aliizunguka motakaa taratibu, kama anavyozungukwa ng'ombe mgonjwa, kisha akatoa hukumu. Jiwe la dharau halihesabiwi. Sasa wenyewe wanataka mbuzi mweusi, asiye na doa, jua likipungua ukali.

Watu wote walimtazama Chungu. Nami nilimtazama.

Nilikwenda kukaa karibu na tangi, mikono yangu shingoni mwa Chungu. Sikulia, maana nilikuwa na shughuli ya kufikiri nimfiche wapi. Faraji, kwa kukosa la kufanya, akaja tena na kijiti chake. Akafungua kifuniko. *Fyuu.*

Sauti ile niliijua. Kibuyu chetu cha maji kilikuwa na mdomo na kitundu kidogo ubavuni. Ukiziba kitundu kwa kidole, anayekunywa hupata mafunda mawili, kisha maji hugoma. Ukiondoa kidole, kibuyu huvuta pumzi, fyuu, maji yakaja. Mjomba tulimfanyia mzaha huo kila alipotoka kulima, na kila mara alitulaani vizuri sana.

"Mjomba," nikasema, "motakaa imezibwa kidole."

Alipotafsiri, Faraji alitabasamu kwa uchovu. "Mwambie ni mvuke tu. Joto hili, petroli hutoa mvuke."

"Haitoi, inavuta ndani!" nikang'ang'ania. Nilikimbia kuleta kibuyu, nikamwonyesha: kidole juu, maji hakuna, kidole kando, maji hayo. Faraji akaacha kutabasamu. Alikitazama kibuyu, akakigeuza kile kifuniko. Katikati, udongo mkavu, mdogo kama punje ya mtama, ulikuwa umeziba kitundu.

"Nami nilidhani kimetoka hivi hivi Ulaya!" alisema. Motakaa ilikuwa imelala siku nyingi bandani Kondoa, na nyigu alikuwa ameona kitundu kizuri, akajenga.

Alivunja mwiba wa mgunga, akautoboa ule udongo. Akafunga, akawasha, akaondoka. Kwenye mgunga uliopinda tulishika pumzi sote. Motakaa ikapita. Ikafika kona ya mbali, ikageuka, ikarudi kwetu ikinguruma, na Faraji alikuwa akipunga kofia yake.

Bibi alielezwa habari za nyigu. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Sawa. Na huyo nyigu, alitumwa na nani?"

Faraji alishuka. Alikwenda kwenye rundo, akachagua jiwe zuri, akaliweka kwa mikono miwili. Ndipo akaenda Dodoma.

Nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na kisa hiki wanakipenda. Huwa nawauliza: kama Chungu angechinjwa, ingekuwaje? Kifuniko kingekuwa kimeshafunguliwa, motakaa ingewaka mbele ya damu yake, nasi tungeamini. Kisha ingezima kwenye mgunga, na tungetafuta mbuzi wa pili. Wanacheka. Mimi pia hucheka, lakini simcheki bibi. Yeye alimzuia kila mtu mahali pamoja, akamlazimisha kutua na kutazama. Nisingeisikia ile fyuu kama tungekuwa na haraka.

Chungu alizaa mara nne. Nami kila nipitapo pale bado naokota jiwe. Wanafunzi wangu wakubwa huniuliza, "Mwalimu, hata wewe?"

Huwajibu kwamba swali la bibi bado sijalijibu.