Fundo la Mama Bolumbu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, haijanitoka mpaka leo. Na wewe unayefunga sanduku lako kwenda kujifunza kazi ileile niliyoifanya mimi koko yako, bibi yako, hebu kaa kwanza. Sanduku halitakimbia.

Nilikuwa msichana wa rika lako, hapahapa Kisangani, zamani zile za Zaire. Tuliitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, hata na muuza maharagwe, na Jumamosi wote tulitoka na majembe kwenda salongo, kufyeka na kufagia mji, utake usitake. Baba yangu, karani aliyetoka Maniema, alitaka niwe mpiga taipu. Mimi nikaingia kwenye nyumba moja ndefu ya matofali upande wa Mangobo, ambako watu waliopooza au kuumia walifundishwa upya kula, kuvaa, kuoga na kupika. Kwa Kifaransa kazi hiyo iliitwa ergothérapie. Baba alishindwa kulitamka neno lenyewe, akawaambia majirani nasomea uuguzi, yakaisha.

Mwalimu wetu aliitwa Papa Likunde. Alikuwa mfupi, abacost yake, lile koti la enzi zile lisilovaliwa na tai, imepauka mabegani, na sheria yake ilikuwa moja: mgonjwa akianza kazi, wewe mikono nyuma ya mgongo. Tulimtania sana. "Papa, sisi ni wanafunzi ama wafungwa?" Naye alicheka nasi, lakini mikono ilibaki mgongoni. Ah, kicheko cha mtu yule! Siku nyingine nakaa hapa barazani nikitamani nikisikie mara moja tu.

Basi asubuhi hiyo nikapewa Mama Bolumbu. Alikuwa mjane wa Yanonge, muuza samaki wa moshi. Damu ilimpanda kichwani, akaanguka, na upande wake wote wa kulia ukafa. Mwanawe wa kwanza, Losala, fundi wa magari hapa mjini, alikwenda kumchukua kwa boti na kumweka nyumbani kwake, na kila mlo alimlisha kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto mwema, nakwambia. Wangapi leo wanafanya hivyo?

Niliweka mbele yake bakuli la uji, nikampa kijiko ambacho mpini wake tulikuwa tumeuviringia mpira wa baiskeli ili ushikike vizuri. Akaanza kwa mkono wa kushoto. Uji ukamwagika kwenye kitenge. Akajaribu tena, ukamwagika. Sasa wewe unajua tulivyolelewa: mkubwa hahangaiki mbele yako, unampokea hata kabla hajasema. Roho iliniuma. Nikakichukua kile kijiko, nikamlisha. Alifungua kinywa, akameza, machozi yakamtoka. Mimi moyoni nikasema, maskini, ameshukuru.

Papa Likunde aliniita nje.

"Umemuona analia?"

"Ndiyo, papa. Amefurahi."

"Amefurahi! Mutoto ya watu, umemufanya mutoto muchanga. Ilibaki kidogo tu kijiko ifike kwa kinywa, na wewe ukamunyanganya." Hakupaza sauti, na ndiyo ikaniuma zaidi. "Heshima ya kwenu iko muzuri, usiiache. Lakini hapa heshima ni kungoya, mikono nyuma."

Nililia kwenye choo, nikanawa uso, nikarudi. Nilipiga magoti mbele ya Mama Bolumbu nikamuuliza anataka nini. Wala sikumuuliza habari za uji.

"Nataka kwangu," akasema. "Kwa mwana nakula, nalala, nasalimiwa. Lakini niko mugeni. Nyumba yangu iko pale kando ya mayi ya mto, na nani amefungua mulango?"

Losala hakutaka hata kuisikia habari hiyo. "Nani atamupikia kule? Mama hawezi hata kufunga liboke!" Na liboke, kama unavyojua, ndicho chakula cha watu wa mto. Samaki na pilipili ndani ya majani mapana, unakusanya shingo ya majani, unaikaza kwa kamba ya kekele, ile ya msituni, unaweka juu ya makaa. Kamba ikilegea, mchuzi wote unaingia motoni.

"Bon," akasema Papa Likunde. "Akikupikia liboke yeye mwenyewe?"

Losala alifikiri, akasema, "Akifunga peke yake, mimi mwenyewe nitamupeleka kwa boti."

Tukaanza mazoezi. Ubao wenye misumari ulimshikia samaki wakati anamparua magamba. Majani aliyakandamiza kwa kiwiko cha ule mkono mfu, kwa sababu hata mkono mfu una uzito wake, na kamba aliivuta kwa mkono wa kushoto na meno. Ilikatika. Ililegea. Alitukana kwa Kilokele, lugha ya kwao, mpaka wagonjwa wengine wakaziba masikio na kucheka. Mimi mikono mgongoni.

Losala akaja Jumapili, ametoka misa, shati jeupe. Akakaa kwenye benchi. Mama Bolumbu akaparua, akatia chumvi, akakunja majani, na alipofika kwenye fundo, kamba ikamponyoka. Majani yakafunguka, nusu ya mchuzi ikamwagika mezani. Akaokota kamba, ikamponyoka tena. Jasho lilimtiririka. Mwanangu, kucha zangu ziliingia kwenye viganja huko nyuma. Nilijua akishindwa atazeeka kwenye chumba cha mwanawe, anapendwa na kulishwa, na hatausikia tena mto wake.

Losala akasimama. "Mama, imetosha. Leta nikusaidie."

Sijui nilipata wapi ujasiri, msichana mdogo kumwamuru baba wa watu. Nikasema, "Papa, ikala chini."

Mama Bolumbu akainua kichwa, kamba iko katikati ya meno, akacheka kwa upande mmoja wa uso. "Losala, umesikia mwalimu?" Losala akakaa. Na yule mama akaegemeza kiwiko, akashika, akavuta kwa meno, akavuta tena, fundo likakaza. Lilikuwa fundo baya, limepinda, lakini mchuzi hata tone halikutoka. Losala alikula liboke lile akilia waziwazi, na mama yake akamgombeza kwamba chumvi ilikuwa inatosha.

Siku ya boti nilikwenda ufukweni. Ubao wa kupandia ulikuwa unatikisika, naye akapanda taratibu, na mimi nyuma yake mikono mgongoni kama mjinga. Alipofika juu akageuka. "Mutoto, leo unaweza kutoa mikono." Tukakumbatiana. Alinukia moshi na mafuta ya mawese, na harufu hiyo ingali inanijia nikipita karibu na soko la samaki.

Alikuwa akinitumia samaki wa moshi kwa watu wa boti, wamefungwa kwa majani. Sikuhitaji kuuliza wametoka kwa nani. Fundo lilikuwa limepinda, na kamba ina alama za meno. Niliziweka kamba zile, baba akaniona nina wazimu.

Kisha furushi moja likaja na fundo zuri, limenyooka, la mikono miwili. Aliyelileta hakuwa amefungua kinywa bado, na mimi nilikuwa nimeshakaa chini, nalia. Samaki wale sikuweza kuwala. Ninamkumbuka mpaka leo, mwanangu, yeye na Papa Likunde na ile nyumba ndefu iliyonukia uji.

Basi ninachokuomba ni hiki. Huko unakokwenda watakufundisha mifupa na mishipa, jifunze vizuri. Lakini mtu akihangaika mbele yako, usimnyang'anye kazi yake kwa sababu tu unamhurumia. Muulize anataka kurudi wapi, halafu simama karibu, ngoja, hata kama roho inakuuma. Na ndugu zake wakiinuka kwa mapenzi, waambie kwa adabu wakae.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe subira mikononi, akulinde njiani, na siku moja akuletee furushi lenye fundo lililopinda.