Kumfundisha Msaidizi Asisahau Watu wa Mwala

Kila asubuhi msaidizi wangu alikuwa mgeni. Jana tumeshinda pamoja, tumeelewana, amenisifu mpaka nikaona haya. Leo nafungua laptopu, hanijui. Si mtu, ni akili bandia. Namwandikia ninachotaka, naye ananiandikia programu. Lakini mimi humwita yeye, kwa sababu siwezi kugombana na kitu siku nzima nikikiita "hicho." Na tuligombana, jamani.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa wa kliniki moja ndogo kule Mwala. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu niache ajira Nairobi na kufungua ofisi mjini Machakos, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Watu wa nyumbani walikuwa wananitazama kwa lile jicho la "haya, tutaona." Kliniki ikinikataa, nani mwingine angeniita?

Shida ilikuwa majina. Sisi Wakamba mtoto huchukua jina la nyanya au babu yake, na kuna familia ambazo haziachi hata kidogo: la ubatizo, la Kikamba na la ukoo, yote yanamwendea mjukuu. Nyanya, susu kama tunavyosema, hajui tarehe aliyozaliwa, kwa hivyo hapo panaachwa wazi. Simu ni moja, ya baba wa mtoto, ambaye ndiye pia mwana wa huyo susu. Sasa ieleze kompyuta kwamba hao ni watu wawili! Msaidizi akiwaona alikuwa anafurahi kabisa: amepata mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili, amemuunganisha. Namkanya, anaomba msamaha kwa adabu, anarekebisha. Kesho yake ni mgeni tena, anaunganisha tena. Wueh!

Siku moja kosa hilo likapita hadi kliniki. Nesi alifungua rekodi ya msichana wa gredi ya nne aliyekuja na pumu, akakuta eti anatumia dawa za presha. Alicheka kwanza, halafu kicheko kikamwisha, akaenda kumwita daktari mwenye kliniki. Daktari ni mama wa makamo asiyepandisha sauti hata akikasirika, na alinipigia simu saa hiyo hiyo.

"Mwanangu," akasema, "siku nesi atakuwa amechoka, huyu mtoto atapewa dawa za nyanya yake. Ikitokea tena, narudi kwa mafaili ya karatasi."

Alikuwa na haki, sikuweza kumkasirikia. Nilikasirikia mashine, nikaitolea Kikamba ambacho siwezi kukiandika hapa. Nilipopoa nikaona kwamba huyu msaidizi hana ubaya wowote. Hana kumbukumbu, basi. Nikasema nitampa.

Nikamtengenezea faili ambayo lazima aisome kila kikao kipya kabla hajagusa chochote, na lazima aandike humo tulichoamua kabla hatujafunga. Mwanzoni nilitia kila kitu, mazungumzo mazima mazima. Akawa kama mtu aliyerudi kutoka matangani: amesikia mengi, hajui la kweli ni lipi. Akawa anashikilia hata mambo tuliyoyaacha zamani. Nikafuta yote, nikabakiza amri moja: usiunganishe wagonjwa wenye majina yanayofanana. Akatii, haki. Kisha akawaunganisha kwa namba ya simu.

Hapo ndipo akili iliponijia, na hapa najisifu bila aibu. Nilikuwa nampa amri bila kumpa sababu. Nikaandika upya: hapa mtoto hupewa jina la nyanya au babu yake, nyumba nzima inaweza kutumia simu moja, na wazee wengi hawana tarehe ya kuzaliwa, kwa hivyo kufanana si ushahidi. Ukiwa na shaka usiamue wewe. Mwambie binadamu apige simu aulize watu ni wangapi.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kikao kipya. Alisoma, na kabla sijamwambia lolote akanionyesha kasoro ambayo hata mimi sikuwa nimeiona: ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa siku ya kliniki ulikuwa unataja jina tu, kwa hivyo mwenye simu asingejua anayeitwa ni nyanya au mjukuu. Niliruka kutoka kitini! Nikashuka mbio kumweleza mwenye duka la mbegu. Hakuelewa hata neno moja, lakini alinipongeza sana.

Bado daktari alikuwa hajaamini, na mafaili ya karatasi aliyaacha mezani, tayari. Jumamosi moja nilikuwa Ekalakala kwa ntheo ya dada yangu, siku ya kuletewa mbuzi wa posa, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Ofisini alibaki mwenzangu, Mkamba aliyelelewa mjini, Syokimau, mbali na mila. Daktari akatokea bila taarifa, akasema idadi ya wagonjwa inaonekana kubwa mno, bila shaka kuna walioandikwa mara mbili. Mwenzangu akataka kumfurahisha. Akafungua kikao kipya, akaamuru wanaofanana waunganishwe wote. Na yeye mwenyewe amebeba jina la babu yake!

Alinipata kwa simu alasiri. "Wee, hii kitu yako imenikatalia mbele ya daktari!"

Msaidizi alikuwa amemjibu kwamba jambo hilo lilishaamuliwa, akampa na sababu yake, kwamba hawa huenda ni nyanya na mjukuu, apige simu kwanza. Daktari aliinama akasoma mwenyewe hadi mwisho. Kisha akasema, "Haya, piga."

Mwenzangu akapiga namba ya kwanza, simu ikiwa kwenye spika. Mwanamume akapokea, akaulizwa jina hilo kwake ni la watu wangapi.

"Wawili," akasema. "Mmoja alinizaa, mwingine nilimzaa mimi. Wote nawaita mama."

Daktari akachukua mkoba wake, akamwambia mwenzangu kwamba Jumatatu yale mafaili ya karatasi yanaingia stoo. Niliposikia hayo nilipiga kigelegele palepale kati ya mbuzi, na wageni wa upande wa bwana harusi wakadhani ni chao, wakanijibu.