Ahadi ya Ndani ya Skramu

Kazi ya raga ilinigharimu meno mawili, umbo la masikio yote mawili, sentimita mbili za urefu, na hisia ya kidole kidogo cha mkono wa kulia. Nimehesabu mara mbili. Meno yaliyotoka yalikuwa matatu, lakini moja lilikuwa bovu kabla sijaanza, kwa hiyo hilo silidai. Ukilinganisha na nilichopata, ilikuwa biashara nzuri, na kama ningerudishwa nyuma ningeifanya tena.

Ninyi vijana wa Albert Park, hapa Durban, mmeniomba niandike jinsi mtoto wa Bukavu alivyotoka kusukuma mikokoteni sokoni hadi kulipwa kwa kusukuma watu. Mnaniita mzee, na nina miaka arobaini na mmoja tu. Siwakatalii. Kwenye safu ya mbele, mtu akifika umri huo anashuka ngazi kwa upande, kama kaa.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, uwanja wa chuo kule Berea. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kilo mia moja na nne, na nilipewa nafasi ya masomo kwa sababu ya hizo kilo. Mkufunzi wa Safu ya Mbele alikuwa fundi bomba mstaafu asiye na shingo, kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega. Alinisimamisha mbele ya mashine ya skramu, yaani fremu ya chuma yenye mito minne mbele na magunia ya mchanga nyuma, akaniambia nisukume. Nilisukuma kama nilivyozoea kusukuma mkokoteni wa viazi, kwa mikono na mgongo. Mashine ilikaa palepale. Akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akaweka bega, akashusha nyonga, na ile mashine ikaenda hatua tatu. Chai haikumwagika.

"Nani alikufundisha kusukuma?" akaniuliza.

Nikamwambia ni akina mama wauza viazi wa sokoni.

"Basi walikuwa wanakulipa zaidi ya unachostahili."

Huyo mtu nilimpenda kuanzia hapo. Alijua bei ya vitu.

Kwa asiyejua, skramu ni namna ya kuanzisha mpira upya baada ya kosa dogo. Watu wanane wanafungamana, wanaingiliana na wanane wengine, mpira unaingizwa katikati, kila upande unasukuma. Mbele kabisa wako watatu. Wa katikati anauvuta mpira kwa mguu, na wawili wa pembeni ni nguzo zake. Mimi nilikuwa nguzo wa kulia, namba tatu. Nguzo wa kushoto upande mmoja wa kichwa chake unabaki nje, anapumua hewa ya Mungu. Wa kulia kichwa chake kinaingia kati ya vichwa viwili vya maadui, na uzito wa watu kumi na watano unapitia shingoni mwake. Ndiyo maana hata wakati ule nguzo wa kulia alikuwa bidhaa adimu, na bidhaa adimu haikosi mteja.

Mkufunzi alinifundisha miaka mitatu. Alinifundisha kuizoeza shingo usiku na asubuhi, kula mara sita kwa siku, na kushika jezi ya mpinzani kwa juu, kiwiko kikitazama angani. Kiwiko kikishuka, unamvuta mpinzani chini na skramu inaanguka. Hilo ni kosa, tena la hatari, shingo za watu zinavunjika. Lakini refa ana macho mawili na skramu ina pande mbili, kwa hiyo mara nyingi anakisia. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sokoni kulinifundisha kitu. Refa ni mteja. Mtu wa kwanza kuinuka kutoka kwenye rundo, mikono juu, uso wa mtu aliyedhulumiwa, ndiye anayeaminiwa. Mkufunzi hakupenda nilipomweleza nadharia yangu. Alisema siku moja nitauza kitu ambacho si changu.

Mwaka wangu wa mwisho ndipo klabu kubwa ya hapa ilipotangaza kwamba itachukua nguzo mmoja kutoka vyuoni. Mmoja, wa kushoto au wa kulia, hawakujali. Msaka Vipaji wao, mzee mrefu mwenye daftari, angekuja kwenye mechi yetu na chuo cha upande wa pili wa mji. Mama alikuwa anasuka nywele za watu kwenye chumba kimoja tulichogawana na familia nyingine kwa pazia. Vibali vyetu vya ukimbizi vilikuwa vya kuomba upya kila mara, foleni tangu alfajiri. Mkataba ule ungetutoa kwenye pazia na kwenye foleni. Sikuwa na mpango mwingine, na sitawadanganya kwamba nilikuwa nao.

Nguzo wa kushoto wa wale wapinzani alikuwa Rashidi, Mtanzania wa Tanga, mwanafunzi wa uchomeleaji. Nguzo wa kushoto na wa kulia ndio wanaokutana uso kwa uso, kwa hiyo siku hiyo tulikuwa tunauza bidhaa moja kwa mteja mmoja. Tulijuana kwa salamu tu.

Kipindi cha kwanza skramu ilianguka mara mbili upande wetu. Ya kwanza ilikuwa kosa lake, aliingia kwa pembe. Ya pili ilikuwa yangu. Refa akatuita wote wawili, akasema atakayeangusha tena atapewa kadi ya njano, dakika kumi nje. Tukarudi kuinama. Shavu langu lilikuwa kwenye sikio lake, refa anatusubirisha, na hapo Rashidi akanisemesha kwa Kiswahili. Kati ya watu kumi na sita mle ndani, na refa wa kumi na saba, tulioelewa tulikuwa wawili.

"Wewe Mkongo, wanisikia?"

"Nakusikia. Iko na harufu ya vitunguu humu."

"Sikiliza, kaka. Tukianguka tena mmoja wetu anatoka, na yule mzee anafunga daftari. Tusimame wote. Wewe usishushe kiwiko, mimi siingii kwa pembe. Atakayemsukuma mwenzake, amsukume kihalali."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Mpaka filimbi ya mwisho."

Mimi sikubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Ile niliikubali. Nikasema sharp, kama watu wa hapa wanavyokubaliana, akasema sharp, refa akatukaripia tunyamaze.

Na skramu zikasimama. Vijana, hakuna kitu kizuri kama skramu iliyosimama, watu kumi na sita wametulia kama meza, kila msuli unafanya kazi na hakuna kinachoonekana. Tatizo lilikuwa hesabu. Baada ya makubaliano tulikuwa na skramu nne. Moja nilimrudisha nyuma mimi. Tatu alinirudisha yeye. Nikahesabu tena, bado tatu. Yule mzee wa daftari alikuwa amehamia upande wetu wa uwanja, na alikuwa anaandika.

Zilibaki dakika nane hivi. Mpira ulikuwa wetu, kwa hiyo refa alisimama upande wa pili, hakutuona. Tukaingiliana. Nikasikia Rashidi anapata nguvu, anasogeza mguu wa nyuma kutafuta pa kukanyaga. Wakati ule mguu uko hewani, nikashusha kiwiko. Kiasi cha upana wa kiganja, zaidi ya hapo ningeonekana. Njumu za mguu wake mwingine zikachana nyasi, akaenda na uso. Kabla hajatema udongo mimi nilikuwa nimesimama, mikono juu, namtazama refa kama mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha.

Refa akatoa kadi ya njano, akamwonyesha Rashidi.

Nilisubiri anitukane. Hakunitazama hata. Alitazama kiatu chake, akatazama pale nyasi zilipochanika, akaenda kukaa. Badala yake akaingia kijana mwenye kilo tisini na tano, na skramu iliyofuata nilimwinua huyo mtoto mpaka miguu ikapepea. Picha nzuri sana. Jumatatu nikasaini. Mama aligeuza kurasa za ule mkataba moja moja, akauliza kama hakuna ukurasa mwingine uliobaki ofisini.

Yaliyofuata nawaeleza kwa ufupi kwa sababu ni kazi, na kazi inafanana siku zote. Miaka mitatu nilikuwa kwenye kikosi cha vijana cha klabu, nabeba mito ya mazoezi ya wakubwa. Kisha Kocha Mkuu akaniita ofisini kabla ya mechi yangu ya kwanza ya kulipwa kikamilifu. Nilitegemea hotuba.

"Kesho nitaisikiliza mechi kichwani mwangu kama ya redioni," akasema. "Sitaki kusikia jina lako. Nguzo akitajwa, kuna kitu kimeanguka."

Mechi nzima sikutajwa. Alinipa mkono mlangoni, na kwa mtu yule mkono ulikuwa sherehe.

Nilicheza hapa Durban misimu saba, halafu mitatu Ufaransa, mji mdogo wa kusini, ambako Kifaransa changu cha Bukavu kiliwachekesha mpaka nilipoanza kukitumia kudai vitu. Mwenyekiti wa klabu alikuwa mwenye bucha, akanipima uzito kwenye mizani ya nyama. Nikamwambia atoe uzito wa viatu, kama anavyotoa wa karatasi ya kufungia nyama. Akacheka, akaongeza nyumba karibu na duka la mikate. Nilirudi nikacheza misimu mingine miwili. Ni kumi na miwili, hesabuni wenyewe. Siku ya mwisho Daktari wa Timu aliweka picha ya shingo yangu kwenye taa, akasema ni shingo ya mtu wa miaka sabini. Nikamuuliza huyo wa sabini anacheza namba ngapi. Hakucheka. Nikastaafu.

Sasa nafundisha safu ya mbele palepale chuoni Berea. Ile mashine ya fundi bomba imeoza, na mwezi uliopita chuo kilinituma Jacobs, mtaa wa viwanda, kwenye karakana moja ya kuchomelea, nikaagize mpya. Mwenye karakana akavua kinyago cha moto. Rashidi. Ndevu zina mvi, mabega bado ya skramu. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa namwona kwa mbali mjini, na kila mara robot, yaani taa ya barabarani, ilikuwa inaniruhusu kuvuka upande mwingine.

Alifurahi. Aliniita baba lao, akaagiza chai, akanionyesha mchoro wa mashine, bora kuliko ile ya zamani. Tukapatana bei. Halafu akafunga mlango wa ofisi, akakaa, na uso ukabadilika.

"Kaka, kuna jambo langu na wewe. Siku ile nilivunja ahadi."

Nikamuuliza ahadi gani, ingawa nilikuwa nimeshaijua.

"Tulisema tusimame. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba. Halafu nikawa na haraka, nikasogeza mguu kabla ya wakati, nikateleza, nikatuangusha wote. Ungevunjika shingo. Ungekosa mkataba kwa tamaa yangu." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. "Sikurudi tena uwanjani. Nilijiona mtu asiyeaminika. Naomba unisamehe, bwana."

Vijana, maishani mwangu nimejibu watu wengi haraka. Pale nilipaswa kusema maneno matatu. Nikasema mengine matatu: "Yamepita, ndugu yangu."

Akashusha pumzi, na nikamwona amekuwa mwepesi kabisa. Akachukua karatasi ya bei, akaikata asilimia kumi na tano bila kuombwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupunguziwa bei nikataka kuongeza.

Hayo peke yake ningeweza kuyabeba. Nimebeba mazito. Lakini Alhamisi hii saa tisa analeta mashine mwenyewe kuifunga, na ameniomba dakika kumi na wachezaji wangu. Anataka kuwasimulia. Anasema wajifunze kutoka kwake jinsi mtu anavyopoteza kila kitu kwa kuvunja neno lake ndani ya skramu, na nami nisimame pembeni yake kama yule aliyelishika. Vijana ishirini na wawili, ambao kila jioni nawaambia kiwiko kitazame angani.

Nimefikiria kumpigia kesho, nimweleze akiwa peke yake. Lakini basi nimemnyang'anya Alhamisi yake, na nimewaficha wachezaji wangu kosa langu. Nimefikiria kumwacha aseme, halafu niseme mimi mbele ya wote. Lakini basi namfanya asikie habari zake pamoja na watoto wa watu, amesimama pale na mikono yake imesafishwa kwa ajili ya siku hiyo. Kunyamaza nimeshajaribu miaka kumi na tisa, na matokeo yake ndiyo haya.

Kati yenu kuna walioachana na kurudiana, kuna mashemasi, kuna wana wa mashehe, kuna waliowahi kuomba radhi kwa kosa kubwa kuliko hili. Mimi najua kupokea na najua kudai. Samahani ambayo si yangu niliipokea, na sijui inarudishwaje kwa mwenyewe bila kumwangusha mara ya pili. Namba yangu mnayo. Mwenye ushauri anipe, tafadhali, kabla ya Alhamisi saa tisa.