Ufa wa Mtumbwi wa Baba

Baba alipofariki, wanaume wa kijiji chetu cha Gwata waliutoa mtumbwi wake mtoni Ruvu wakauburuta hadi uani kwetu. Kwetu ndiyo ilikuwa heshima: mtumbwi wa marehemu haurudi majini mpaka arobaini ipite. Heshima nzuri, ila katika wanaume wote wale hakuna aliyefikiria kuufunika. Ulikaa kwenye jua kali, na arobaini ilipopita ulikuwa na ufa wa kupitisha kidole.

Shamba la mpunga la mama lilikuwa ng'ambo ya mto. Kaka yangu, aliyekuwa na biashara yake ndogo Kisarawe, aliutazama ule ufa akatuamulia mambo sote.

"Mama, mto ule una mamba. Mtumbwi ukivuja, shamba basi. Utakuja kukaa kwangu."

"Na usipovuja?"

"Usipovuja, nitanyamaza."

Nilijua kaka ana huruma, lakini roho iliniuma. Mama ukimtenga na mpunga wake, unabaki na kikongwe wa kukaa mkekani na kuulizwa kama ameshakula.

Kesho yake alfajiri mama alinipeleka kisimani. Tulichota, tukarudi, tukamimina maji ndani ya mtumbwi, pale pale uani. Majirani walikuja kutucheka.

"Wenzenu huweka mtumbwi majini, nyie mnaweka maji mtumbwini!"

"Mti una kiu," mama alisema. "Uacheni unywe."

Maji yalivuja, tukaongeza. Tuliufunika kwa majani mabichi ya mgomba, na mti ukawa unavimba polepole. Kila asubuhi niliuchungulia ufa kama mtu anayemchungulia mgonjwa. Kidole kikawa hakipiti tena, kisha hata ukucha.

Palipobaki palitaka usufi na utomvu wa mfenesi. Mfenesi hatukuwa nao. Kaka alikuwa nao Kisarawe. Mama akamwagiza bila haya yoyote, na yeye, maskini, akauleta utomvu kwenye kopo, uso ameukunja. Mama alijipaka mafuta mikononi usimgande, akaushindilia usufi uliolowa utomvu ndani ya ufa kwa ncha ya kisu, huku akiimba kwa sauti ndogo. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu msiba.

Siku ya kuvuka, kaka alisimama ukingoni kutusubiri. Mama alitandika kanga chini mtumbwini akaketi, mimi nikashika pondo. Tulivuka, tukavuna, tukarudi na mpunga.

"Unavuja?" kaka aliuliza.

"Mkavu," mama alijibu, bila kuinuka.

Mpunga ukashushwa. Nikashuka mimi. Mama bado ameketi.

"Mama, shuka basi."

"Napumzika."

Kaka akamnyooshea mkono, na mkono wa mwanawe hakuweza kuukataa. Alipoinuka, nguo zilikuwa zikimchuruzika maji kuanzia kiunoni. Pale alipokuwa ameketi, maji yalikuwa yakipenya taratibu kwenye ule ufa.

Kaka aliyatazama maji, kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mwari. Halafu akakunja kanzu yake, akaingia mtumbwini, akaanza kuyachota maji kwa lile lile kopo la utomvu.

"Kesho nitaleta utomvu mwingine," alisema.