Dramu: Nyundo

Fundi mageti waliyemwita Nyundo alikuwa pia, kwa miaka kumi na mmoja, mpiga dramu wa bendi pekee mjini iliyopiga roki nzito kuhusu mashujaa waliovaa deraya za chuma, majoka na ngome za barafu. Barafu waliyoijua wote wanne ilikuwa ya kwenye friji. Hilo halikumsumbua mwimbaji wao, mwalimu wa historia mchana na mfalme jioni, ambaye kwa bahati njema au mbaya alikuwa mdogo wa mke wa Nyundo. Bendi na ukoo vililala kitanda kimoja, na blanketi lilikuwa fupi.

Watu waliwacheka, bila ubaya. Kwenye arusi moja, ya kwanza na ya mwisho kualikwa, mjomba wa bibi arusi alisimama katikati ya wimbo wa dakika tisa akauliza, "Samahani, huyo joka anakufa saa ngapi? Chakula kinapoa."

Hatimaye wakarekodi albamu yao ya kwanza, *Upanga wa Mfalme Asiyelala*. Nyundo alifunga karakana siku nne. Mteja mmoja akahamishia geti lake kwa fundi mwingine na kumuaga kwa heshima zote. Deraya ya picha ya jalada aliiunda yeye kwa mabati ya paa, na kwa kuwa ni yeye tu aliyejua upande unaochana kwapa, akaivaa yeye. Shujaa wa jalada, kofia ya chuma imefungwa mpaka kidevuni, akiwa mbele ya ukuta wa stoo ya shule, ni Nyundo.

Sasa, Nyundo hakuwa mpigaji hodari. Alijua kitu kimoja, kusubiri. Shemeji yake alikuwa na sauti kubwa na mapafu madogo, na kabla ya kila kiitikio alihitaji kuvuta pumzi. Nyundo alimpa nafasi hiyo, kijiti kikiwa hewani, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha akashuka naye. Hakufundishwa, na hawakuwahi kulizungumza. Aliamini ni kama kuunga chuma: ukiiona alama ya kiungo, fundi kakosea.

Diski mia tatu ziliwasili Alhamisi mchana, zikashushwa karakanani kwa sababu ndipo penye kufuli la maana. Nyundo alikuwa anakula. Akafungua boksi, akaweka diski moja kwenye redio. Wimbo wa kwanza alitafuna kwa furaha. Wa pili akaacha kutafuna. Wa tatu, kiitikio kilipokaribia, aliinua kijiko amsubiri shemeji avute pumzi, na dramu zikapita bila yeye, zimenyooka kana kwamba zimepigiwa rula. Akarudisha nyuma. Pumzi haikuwepo. Akasoma jalada: *Dramu: Nyundo.*

Alimkuta mwimbaji ofisini kwa walimu, anasahihisha madaftari.

"Shemeji, nani kapiga?"

"Kapiga nini tena?"

"Usinifundishe historia. Dramu."

Mwalimu akafunika kalamu yake taratibu. "Kompyuta. Fundi sauti alisema zako zinayumba. Kidogo tu! Basi tukapiga kura."

"Tukapiga?"

"Sisi watatu. Wewe ungeumia, shemeji."

"Mkaona muumie kwa niaba yangu."

"Lakini jina lako tumeliacha! Tena herufi kubwa!"

"Zinayumba kwa sababu nakusubiri upumue."

"Unanisubiri mimi?" Alishangaa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya: kwa miaka kumi na mmoja alidhani ana pumzi. "Basi yule fundi alizikata pumzi zote. Alisema ni kelele." Kisha, akitaka kutuliza mambo, akaongeza, "Hata dada alituambia hutajua."

Nyumbani mke wake alikuwa anapiga pasi mashati ya Jumamosi, siku ya uzinduzi. La Nyundo lilikuwa juu kabisa.

"Uliwaambia sitajua?"

Pasi ikasimama. "Walikuja wakiwa wamekwisha kata shauri, baba watoto. Nikasema ya nini kukuvunja moyo."

"Ulisikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Ikoje?"

"Nzuri," alisema, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, ila alichelewa kuanza kusema. Shati likaanza kunukia moshi.

Ijumaa Nyundo hakuchomelea kitu. Aliketi na maka peni nyeusi, anatoa jalada moja moja, anapiga mstari juu ya jina lake, analirudisha. Alasiri mwimbaji akaja na gari la kubebea mizigo, dada yake kando.

"Shemeji! Unaharibu kazi ya watu!"

"Watu gani? Nimefuta mmoja tu, na hakuwepo."

"Kesho watauliza dramu kapiga nani."

"Waambie. Mlipiga kura, hamshindwi kueleza matokeo."

"Na jukwaani nani atapiga?"

"Yule yule. Mbebeni tu, hana uzito. Mnachomeka kwenye umeme."

Mwimbaji akatoka nje kusubiri garini. Mke wa Nyundo akasogea mezani, akanyoosha mkono kuelekea boksi.

"Zimebaki nyingi. Nikusaidie."

"Hapana. Mkinisaidia ninyi, kazi inatoka nzuri mno."

Akarudisha mkono. Wala hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, kama mtu aliyekuja kuagiza geti na hajui vipimo vya nyumba yake. Nyundo hakumuuliza vipimo, akatoa jalada jingine.