Simu Iliyonitaja Jina Kakuma

Mimi Ewoi, niliyetoka Longech, kule ufukweni Ziwa Turkana, na kikapu kimoja cha samaki mkavu nikafika kumiliki pikap yangu mwenyewe bila kumaliza darasa la tatu, nakiri kwamba kuna benchi moja kambini Kakuma, kwa wakimbizi, ambayo nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu naangalia chini.

Ilikuwa 2012. Tangu tumzike mama yake, msichana wangu Akiru alikuwa hasemi, hata neno, na watu wa mji wetu, Lodwar, nikawaambia ni koo (tajiri mzima, mtoto wake asemwe ana shida ya kichwa?). Nikasikia Kakuma kuna madam anayezungumza na watoto wenye huzuni, nikampakia Akiru pamoja na magunia ya samaki, ionekane ni safari ya biashara tu.

Kufika, nani yuko kwa benchi ya kumngojea madam na mtoto wake? Mama Furaha, Mkongomani, mteja wangu mkubwa. Kwa hivyo madam alipouliza, "Mzee, huyu ni wako?" mdomo ukanitangulia.

"Hapana, ni wa jirani. Mimi nasaidia tu."

Akiru akaangalia viatu vyake.

"Basi lazima baba yake akubali kwanza," madam akasema. "Nipe namba yake."

Sasa namba ninayoijua kwa kichwa ni moja, ile iliyoandikwa kwa mlango wa pikap, nikaitaja haraka haraka huku nikijisifu kwa ujanja, mpaka madam akapiga na mfuko wangu ukaanza kupiga kelele (simu ya Kichina, spika nne, na mlio ni sauti yangu mwenyewe, nilirekodi nikiwa na raha zangu): "Ni Ewoi, tajiri wa samaki, Lodwar mpaka Kakuma, pokea!"

Nikakohoa. Nikaifinya kwa mkono. Ikaendelea kunitangaza.

"Papa Ewoi," Mama Furaha akasema polepole, "jirani yako anaishi mu mfuko?"

Benchi nzima ikacheka, na katikati ya kicheko nikasikia sauti ndogo, kavu, niliyokuwa nimeanza kuisahau.

"Baba, pokea simu."

Nikapokea. Sikujua nifanye nini kingine. Madam alikuwa mbele yangu, simu sikioni.

"Hallo. Wewe ndiye baba ya huyu msichana?"

"Ndiyo," nikasema, "ni wangu," palepale mbele ya benchi nzima.

Tulirudi kwa madam mara nyingi, maana maneno hayakuja yote siku moja, na wale akina mama bado huniuliza jirani anaendeleaje. Niliapa sitamkana mtoto wangu tena kwa ajili ya gunia la samaki. Ule mlio niliufuta. Sasa simu yangu inasema yale maneno matatu tu, Akiru mwenyewe amerekodi, na ikilia kanisani siharakishi kuizima.