Masikio ya Babu

Enzi zetu, nyie wa kidato cha kwanza mnaocheka vindevu vyangu, mwanasesere hakutoka dukani. Alitoka motoni. Nyumbani kwetu Namswea, baba na mama yake, yaani bibi, walitengeneza visanamu vya shaba vya kutosha kiganjani: mama na kinu chake, mbuzi, padri mwenye kitambi. Bibi alifinyanga kwa nta ya nyuki. Baba akaifunika kwa udongo, akauchoma mpaka nta ikayeyuka na kumwagika, kisha akamimina shaba iliyoyeyushwa ya koki mbovu za bomba pale nta ilipokuwa. Uani kulinuka asali iliyoungua, nasi tukichomea viazi kwenye majivu hayohayo.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuingia na magari yao, macho ya bibi yalikuwa yameshaanza kufunga ukungu. Babu alikufa bila kupigwa picha hata moja. Basi bibi akamfinyanga kwa vidole, mikunjo yote, na masikio kama majani ya magimbi. Alikuwa babu kabisa. Nikauliza, kama ameshakuwa babu, mbona tunamyeyusha? Baba akasema ni ili adumu. Sijaelewa mpaka leo.

Nta ikatoka yote. Baba akainua kwa koleo chungu chenye shaba ya moto, na papo hapo akatokea katekista mzee, mwalimu wetu wa dini. Kwetu mkubwa haachwi bila salamu. Baba, chungu mbele yake, jasho likimtiririka, akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza mahindi, akauliza kahawa, akauliza mbuzi mgonjwa, kisha mbuzi wazima. Baba akajibu yote. Shaba nayo ikasikiliza, ikapoa; ilipomiminwa ikawa nzito, haikufika kila pembe.

Kalibu, yaani ule udongo, ilipovunjwa, babu alitoka hana masikio. Nta haipo tena, na macho ya bibi ndiyo hayo. Baba akakaa chini, hatutazami. Bibi akampapasa babu kichwa, kushoto, kulia.

"Mwacheni," akasema. "Hata alipokuwa nayo hakunisikiliza."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Hatukujua tufuate kipi.

Siku hizi za soko huria mnanunua Mbinga mjini wanasesere wa plastiki, wote sura moja, masikio kamili, na salamu yenu ni "mambo" huku mnakimbia. Kwenu shaba isingepoa, nakubali. Ila mimi nikifumba macho kumtafuta babu, anakuja kizee kidogo cha shaba, baridi, bila masikio. Sijui kama ndiye. Namwamkia hivyo hivyo, ingawa hasikii.